Kutoka Mbandaka hadi Clarkston: Nani Ashike Hati ya Nyumba ya Mkimbizi?

Mhadhara uliotolewa kwa wanajumuiya wanaozungumza Kiswahili, jimbo la Georgia, Marekani

Najua wengi hapa mmetoka zamu ya usiku kwenye viwanda vya kuku na kwenye maghala, na wengine zamu yenu inaanza saa 4 usiku huu. Nitajitahidi niwe mfupi. Mwenyekiti ameshanionya kwamba wahadhiri wote huahidi hivyo.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya mashirika ya kijamii, yasiyotafuta faida, katika kuwapatia wakimbizi wapya nyumba wanazoziweza. Nimekuja na dai moja na nitalitetea hadi mwisho. Shirika la namna hii likijifunga kwenye kuwalipia watu kodi ya nyumba, litachoka na kufa, na mpangaji atabaki pale pale alipokuwa. Kazi yake ya kwanza ni kuwa mdhamini. Kazi yake ya pili, ambayo ni ngumu na ya miaka mingi, ni kuwa mwenye ardhi. Nina hoja tano. Msitarajie zilingane urefu. Ya nne ndiyo hasa iliyonileta.

Hoja ya kwanza: Mkimbizi ana mikono ya kujenga, asicho nacho ni karatasi

Tuanzie Nyarugusu, maana nikitazama humu ukumbini naona kama nusu ya kambi imehamia hapa. Kambi ile ya Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita vya Kongo. Familia ilionyeshwa kiwanja, ikapewa turubai, na baada ya muda ikafyatua matofali ya udongo na kuezeka. Mambo mengine yalikuwa mazito: kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa, na mgao wa chakula ulikatwa mara kwa mara. Lakini hakuna aliyemuuliza mama wa watoto sita anapata mshahara kiasi gani kabla ya kumruhusu alale.

Warundi waliotangulia, wale waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, walipata zaidi ya hapo. Katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu serikali ya Mwalimu Nyerere iliwagawia ardhi, kiasi cha hekta 5 kwa kaya, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza mazao. Uraia ulikuja baadaye sana: ni mwaka 2014 ndipo zaidi ya watu 160,000, wao pamoja na watoto na wajukuu wao, walipoanza kukabidhiwa vyeti. Ardhi ilitangulia, karatasi zikafuata.

Huku mambo yamegeuzwa. Sheria ya Wakimbizi, ambayo Rais Jimmy Carter, mtoto wa Georgia hii hii, aliitia saini Machi 1980, inampa mkimbizi hadhi tangu anaposhuka kwenye ndege. Anaruhusiwa kufanya kazi mara moja, na baada ya mwaka mmoja anaomba ukazi wa kudumu. Shirika linalompokea linatakiwa liwe limemtafutia mahali pa kuishi kabla hajafika, limeweka vitanda, vyombo, sabuni, na chakula cha kwao kilichokwisha kupikwa kwa usiku wa kwanza. (Mliokuta wali umetiwa pilipili ya chupa, wasameheni, walijaribu.) Huduma hizo hudumu siku 30 hadi 90. Fedha ambazo serikali kuu imekuwa ikizitoa kwa kazi hiyo miaka ya karibuni zilizidi kidogo dola 2,000 kwa kila mtu, na sehemu yake hubaki kwa shirika ili liendeshe shughuli zake.

Siku 90 zikiisha, mkimbizi anabaki na mwenye nyumba. Na mwenye nyumba hana habari na karatasi za serikali. Anataka za kwake. Stakabadhi za mshahara zionyeshe kipato mara tatu ya kodi. Mwenye nyumba wa zamani aandike barua kukusifu. Historia ya mikopo iwe safi. Kisha kuna ada ya maombi ambayo hairudishwi hata ukikataliwa. Sasa mtu aliyekaa kambini miaka 18 aombe barua hiyo kwa nani? Kwa kamishna wa kambi?

Niseme jambo moja kuhusu historia ya mikopo, halafu niendelee. Karatasi ya kwanza ya mkopo ambayo wengi wenu mliipata ni ile ya nauli ya ndege, mliyoisaini na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji kabla ya safari. Mkopo ule hauna riba, unaanza kulipwa miezi michache baada ya kufika, na ukiulipa kwa wakati unakujengea jina. Kwa maneno mengine, safari ya ukimbizi ndiyo inayokufungulia daftari lako la mikopo Marekani. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaozitupa zile ankara kwenye droo wakidhani ni matangazo ya biashara. Nendeni mkazitoe.

Kwa nini basi watu wameletwa katika mji huu wa Clarkston, kando ya jiji la Atlanta, na si kwingine? Katika miaka ya 1970 na 1980 vilijengwa hapa vitongoji vya fleti kwa ajili ya watu wa kipato cha kati. Wapangaji wale, wengi wao Wazungu, walihamia mbali zaidi na jiji, na majengo yakabaki na vyumba vitupu. Mashirika ya upokeaji yakaona kodi ndogo, fleti nyingi mahali pamoja, mabasi, na stesheni za treni ya MARTA zisizo mbali. Wakaja Wavietnamu, Wabosnia, Wasomali, Waburma, Wanepali wa Bhutan, kisha sisi. Leo mji wenyewe, wenye watu wasiofika 15,000 kwa sensa ya 2020, unajulikana nchi nzima kwa wingi wa mataifa yake. Lakini angalieni unafuu ule ulitoka wapi. Hakuna aliyeuweka kwa makusudi. Ulitokana na majengo kuzeeka na kukosa watu, na unafuu wa namna hiyo huisha siku mwekezaji anapopaka rangi, akabadilisha kibao cha jina pale getini.

Hoja ya pili: Hesabu haifungi, na michango haiwezi kuifunga

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme baba anafanya kazi ghalani kwa dola 16 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwa mwaka ni dola 33,280. Kwa mwezi ni 2,773 kabla ya makato. Kanuni inayotumika Marekani, iliyowekwa kwa wapangaji wa nyumba za serikali mwaka 1981, inasema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Hapo ni dola 832. Kwa kanuni ya mwenye nyumba, ile ya mara tatu, baba huyu atakubaliwa fleti isiyozidi dola 924. Nani humu amesikia fleti ya vyumba vitatu vya kulala kwa dola 924? Anyooshe mkono. Nilitarajia hivyo.

Watu wa halmashauri ya mji, wageni wetu leo, watasema: kuna nyumba za gharama nafuu. Ni kweli zipo, na nyingi zimejengwa kwa mpango wa punguzo la kodi ya mapato uliopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, ambapo mwekezaji anatoa mtaji wa ujenzi naye anapunguziwa kodi anayodaiwa na serikali. Lakini nafuu hiyo hupimwa kwa kipato cha kati cha Atlanta yote na viunga vyake, pamoja na wale wenye majumba ya kaskazini ya jiji. Kipato hicho kwa familia ya watu wanne kimepita dola 100,000 kwa mwaka. Chukua asilimia 60 yake, chukua asilimia 30 ya jibu, gawanya kwa miezi 12: unapata dola 1,500 na zaidi. Hiyo ndiyo kodi inayoruhusiwa kuitwa nafuu. Inamsaidia mwalimu mpya na muuguzi kijana, na sina ugomvi nayo. Baba wa dola 832 haimfikii.

Je, halmashauri haiwezi kuweka ukomo wa kodi ya nyumba? Haiwezi. Sheria ya jimbo la Georgia ya mwaka 1984 imeizuia miji na kaunti kufanya hivyo. Msiwalaumu madiwani hawa kwa jambo ambalo mikono yao imefungwa. Walaumuni kwa mengine.

Linabaki wazo linalomjia kila mtu mwenye moyo mwema: tuchange. Kanisa lichange, msikiti uchange, tuwalipie. Tuseme tumepata dola 50,000 na kuzigawa kwa familia 10. Kila familia inalipiwa miezi mitatu na siku kadhaa. Fedha zote zimeishia kwa wenye nyumba, mkataba ukifika mwisho kodi inapanda, na sisi tunarudi kuzungusha kapu. Na hali imezidi kubana: msaada wa fedha taslimu wa serikali kwa wakimbizi wasio na watoto wadogo ulikuwa wa miezi 12, na Mei 2025 ukashushwa hadi miezi minne. Sisemi msimlipie kodi mtu ambaye kesho anatolewa nje. Mlipieni, usiku huo huo. Ila msiite kazi hiyo makazi.

Hoja ya tatu: Shirika lianze kwa kuweka jina lake mahali pa jina la mkimbizi

Mwenye nyumba anaogopa nini? Nimezungumza na wengi. Wabaguzi wapo, nao nitawarudia. Lakini mwenye nyumba wa kawaida anaogopa asichokijua: kwamba bomba litavuja naye ataarifiwa kwa lugha asiyoielewa baada ya dari kuanguka, kwamba kazi ya kiwandani ikisimama hatajua ampigie nani. Shirika linaweza kununua hofu hiyo kwa bei ndogo. Linakodi fleti kumi kwa jina lake, linasaini mkataba lenyewe, kisha linaziweka familia ndani kwa mkataba wa pili. Mwenye nyumba anapata namba moja ya simu na kodi moja ya uhakika kila tarehe mosi. Familia inapata mwaka mmoja au miwili ya kujenga historia: kodi iliyolipwa kwa wakati, barua ya sifa, akaunti ya benki. Baada ya hapo mkataba unahamishiwa kwa jina lao, nalo shirika linakwenda kudhamini wengine.

Jambo hili lina gharama zake, na mdhamini asiyejiandaa kulipa si mdhamini. Inatakiwa akiba isiyoguswa kwa jambo lingine lolote, hata mwenyekiti akifiwa. Inatakiwa mtu wa kupita nyumba kwa nyumba mwezi wa kwanza kufundisha mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyahitaji Uvira kule Kongo wala Makamba kule Burundi: kwamba kengele ya moshi haitolewi betri kwa sababu inapiga kelele ukikaanga samaki; kwamba nguo zikianikwa ndani ya fleti iliyofungwa madirisha, ukungu unaota ukutani na mwenye nyumba atakudai wewe; kwamba kitu kikiharibika unaandika, unatunza nakala na kupiga picha.

Na sheria inatakiwa ijulikane. Tangu Julai 1, 2024, Georgia ina sheria inayomtaka mwenye nyumba akupangishe mahali panapofaa binadamu kuishi. Inamzuia kudai fedha ya dhamana inayozidi kodi ya miezi miwili. Na inamtaka akupe notisi ya maandishi ya siku 3 za kazi kabla ya kwenda mahakamani kwa kodi usiyolipa. Akienda mahakamani, ukishapewa hati una siku 7 za kujibu. Saba, zikiwamo za mwisho wa wiki. Usipojibu, hukumu inatoka bila wewe. Na hata ukijibu na kushinda, kesi yenyewe imeshaandikwa kwenye kumbukumbu, na mwenye nyumba wa kesho atauona ukurasa huo kabla hajauona uso wako. Ndiyo maana nasema thamani ya mdhamini iko kabla ya hati kuandikwa, siku ile simu inapopigwa ofisini kwamba familia ya fleti namba fulani imechelewa siku mbili.

Hoja ya nne: Wazo la nyumba bila riba lilijaribiwa Kongo kabla ya kuenea Marekani

Sasa nimefika nilikokuwa nakwenda.

Mwendo wa saa mbili na nusu hivi kusini ya hapa kuna mji uitwao Americus, na karibu yake shamba liitwalo Koinonia. Lilianzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan, mhubiri wa Kibaptisti aliyesoma pia kilimo, ili weusi na weupe waishi, walime na wale pamoja. Katika miaka ya 1950 shamba lile lilipigwa risasi, likasusiwa na wafanyabiashara wa wilaya nzima. Miaka ya mwisho ya 1960 alifika hapo mwanasheria wa Alabama, Millard Fuller, na mkewe Linda. Fuller alikuwa ametajirika akiwa kijana, ndoa yake ikayumba, wakaamua kugawa mali yao. Yeye na Jordan wakabuni mfuko: nyumba ijengwe bila faida, iuzwe bila riba, na kila senti inayorudishwa ikajenge nyumba ya jirani. Jordan alifariki mwaka 1969.

Na mwaka 1973 familia ya Fuller ilikwenda kulijaribu wazo hilo Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, huko Mbandaka, mji wa ikweta kwenye kingo za Mto Kongo. Ardhi waliyopewa ilikuwa ukanda mtupu ambao Wabelgiji waliuacha makusudi kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika. Wakajenga hapo, na wenye nyumba wenyewe wakachanganya saruji. Waliporudi Georgia mwaka 1976 wakaanzisha Habitat for Humanity, shirika ambalo leo liko dunia nzima. (Ndugu zangu wa Kivu mtaniwia radhi kwa kuwapa sifa watu wa Équateur, jimbo la Mbandaka. Haki yao.) Kwa hiyo Mkongo anayefika Georgia na kusikia habari ya nyumba isiyo na riba asidhani anapewa kitu cha kigeni. Watu wa nchi yake walikilipia jasho kabla ya Wamarekani wengi kukisikia. Na masheikh wetu wanajua neno riba lina uzito gani kwa nusu ya watu walio humu.

Tawi jingine la Koinonia linatuhusu kwa karibu zaidi. Mwaka 1979 baadhi ya watu wa shamba lile walikwenda Comer, kaskazini mashariki ya jimbo, wakaanzisha jumuiya iitwayo Jubilee Partners. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 wanawapokea wakimbizi wapya, wanawakalisha miezi michache kwenye nyumba zao bila kodi na kuwafundisha Kiingereza kabla hawajaingia mjini. Kilichonivutia ni kilichofuata: familia za Wakaren kutoka Burma, baada ya kuonja Clarkston, zilirudi Comer kununua nyumba na kulima. Zilikwenda mahali ambapo ardhi ilikuwa ya bei ya mkulima.

Lakini Habitat ina mpaka wake. Inamtaka mtu mwenye kipato kilichotulia, na hilo mara nyingi ni la mwaka wa tatu au wa tano, si la mwezi wa sita. Na nyumba ya nafuu ikishaingia sokoni na kuuzwa kwa bei ya soko, unafuu umemnufaisha mtu mmoja tu. Wa pili anaanza upya.

Jibu la tatizo hilo nalo lilizaliwa Georgia. Mwaka 1969, katika wilaya ya Lee, Charles Sherrod na wenzake wa harakati za haki za raia walianzisha New Communities: zaidi ya ekari 5,000, ardhi ikiwa ya shirika milele, na wakazi wakiwa na haki ya kujenga na kukaa kwa mikataba mirefu. Walikuwa wanawafikiria wakulima weusi waliokuwa wakifukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Sisi wa pwani mfano huo tunaujua kwa wakfu: Mji Mkongwe wa Unguja una majumba mengi ambayo hayauzwi wala hayarithiwi, yaliwekwa na watu waliokufa zamani ili wengine wakae. Na Kenya wanayo ya karibuni zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Voi, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni walichagua kuishika ardhi yao kwa pamoja ili matajiri wasije kuinunua kiwanja kimoja kimoja.

Namna inavyokwenda ni hivi. Tuseme nyumba na kiwanja ni dola 240,000. Kiwanja, cha dola 80,000, kinabaki kwa shirika. Familia inanunua nyumba kwa 160,000 na kukodi kiwanja kwa miaka 99 kwa ada ndogo. Miaka 10 baadaye bei imepanda kwa dola 40,000 na familia inataka kuhamia Texas. Inarudishiwa ilicholipa, pamoja na robo ya ongezeko, yaani dola 10,000. Familia inayofuata inanunua kwa 170,000 badala ya 280,000. Burlington, katika jimbo la Vermont, wanafuata utaratibu wa robo kama huo tangu mwaka 1984, wakati Bernie Sanders alipokuwa meya, na nyumba zilezile zimeshapita mikononi mwa familia nyingi. Mtu ataniuliza: kwa nini niikubali robo wakati jirani yangu anachukua ongezeko lote? Swali la haki. Jibu langu: kwa sababu jirani yako alikuwa na dola 240,000, nawe hukuwa nazo. Kama unazo, kanunue sokoni, na tutakuja kula pilau ya nyumba mpya.

Nisiwapambie. New Communities walipata ukame, wakaomba mkopo wa dharura wa serikali ambao wakulima weupe walikuwa wakipewa, wakacheleweshwa na kunyimwa, na mwaka 1985 shamba lote likanadiwa. Mwaka 2009 ndipo serikali ilipokubali kuwalipa fidia, kiasi cha dola milioni 12, na mwaka 2011 wakanunua shamba jingine karibu na Albany, lililowahi kuwa la mwenye watumwa. Miaka 24 ilipita kati ya kunadiwa na fidia. Na majumba ya wakfu ya Mji Mkongwe nayo yana funzo la upande wa pili: kodi ikiwekwa chini mno, hakuna fedha ya kurekebisha paa, na mvua haijali nia njema ya aliyeweka wakfu. Ardhi ya pamoja bila akiba ni ardhi ya mnada. Kwa hiyo shirika letu likifika kununua, linunue kidogo, likiwa na akiba ya matengenezo na ya miezi mibaya, hata kama jirani zetu watacheka kwamba baada ya miaka mitatu tuna nyumba nne tu.

Hoja ya tano: Nyumba zetu haziwezi kuwa zetu peke yetu

Hii ni fupi kwa sababu sheria imeshanimalizia kazi. Sheria ya Haki ya Makazi ya mwaka 1968 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini au asili ya taifa lake, na mwaka 1988 ikaongezwa ulinzi kwa familia zenye watoto. Ndiyo sheria mtakayomshitakia yule mwenye nyumba mbaguzi niliyeahidi kumrudia. Inatufunga na sisi. Hakuna jengo la Wabembe watupu, wala la Wapentekoste watupu. Najua hapa kuna waliokuwa wanalifikiria. Mpangaji wa kwanza anaweza kuwa bibi wa Kimarekani mweusi aliyekaa Clarkston miaka 40, naye awe na kiti kwenye bodi, kwa sababu kodi inayowapandia nyinyi inampandia na yeye, tena alianza kabla yenu.

Na jengeni vyumba vikubwa. Soko linajenga chumba kimoja na viwili. Familia zetu ni za watu wanane. Kwa kipimo cha kawaida cha watu wawili kwa chumba, zinahitaji vyumba vinne, na hivyo ndivyo visivyopatikana.

Mtauliza kwa nini tuanze sasa, wakati wageni hawaji. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na karibu 20,000 kati yao walitoka Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote. Januari 2025 mlango ukafungwa kwa amri ya rais. Kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025 ukomo umewekwa 7,500, tena nafasi nyingi zikatengewa Waafrika Kusini weupe. Mashirika ya upokeaji yamepunguza wafanyakazi, na baadhi ya ofisi zimefungwa. Kwa hesabu yangu huu ndio wakati wenyewe. Waliokuja 2023 na 2024 mikataba yao inahuishwa sasa hivi, bila afisa wa kuwasimamia. Na jengo moja, tangu kutafuta kiwanja hadi kukabidhi funguo, ni kazi ya miaka mitatu minne. Idadi ya wanaopokelewa imewahi kushuka, ilikuwa 11,411 mwaka 2021, na miaka mitatu baadaye ikawa karibu mara tisa. Anayesubiri ndege ianze kutua ndipo atafute kiwanja atawapeleka wageni hotelini.

Napendekeza haya. Mwaka huu, kamati ya watu saba iandikishe shirika na kuomba msamaha wa kodi chini ya kifungu 501(c)(3), na akina mama wa likelemba na wa upatu waombwe washike daftari la akiba ya dhamana. Hakuna mhasibu humu anayekumbuka deni kama wao. Mwaka wa pili, mkataba na mwenye nyumba mmoja mwenye sifa njema, fleti kumi, si zaidi. Mwaka wa tatu, kubisha hodi kwenye benki ya ardhi ya kaunti ya DeKalb, inayoshughulika na viwanja na nyumba zilizotelekezwa, tukiwa na vitabu vya hesabu vya miaka miwili mkononi. Wageni wetu wa halmashauri nawaomba jambo moja lisilohitaji fedha: mtazame upya kanuni za viwanja ili nyumba ya familia nne iruhusiwe pale ambapo leo inaruhusiwa ya familia moja tu.

Mwenyekiti, karatasi ya kuandikisha majina ya kamati iko mezani, na nadhani muda wa maswali umefika. Naomba tuanze na yeyote aliyekuja na hati ya mahakama, kwa kuwa siku zake saba zinahesabika tukiwa hapa. Nimekuja na mwanasheria, yule aliyekaa karibu na mlango.